Maji ya Minza

Jumatano, 5 Machi 2025

Majivu. Padre Benedict alifika amechelewa, pikipiki imejaa tope mpaka kwenye taa. Wachimbaji walikuja na koleo zao, wakapakwa, wakarudi kuchimba kwenye maduara, mashimo yao ya dhahabu. Mimi nilimwachia jirani sufuria ya maharage, nimeikuta imeungua chini. Mchana nimewauzia hivyo hivyo. Waliolalamika nimewaambia ni Kwaresima.

Minza alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Kila mwaka ni hivyo. Jumapili za kawaida wenzake wakienda kukomunika yeye hubaki benchi la nyuma, anaangalia kandambili zake. Lakini siku ya Majivu hakuna anayeulizwa kitu. Aliyebatizwa, asiyebatizwa, mke wa kwanza, mke wa pili – wote wanainamisha kichwa wanapakwa. Alirudi anatabasamu na doa lake jeusi. Justa, mke mwenza wake, alitaka kumpunguzia na pembe ya kanga maana lilimwagikia mpaka puani. Akamshika mkono. Akasema usifute.

Jioni nimempita mwaloni, kule wanawake wanakooshea mchanga wa dhahabu. Ameinama na karai lake, doa bado lipo, jasho limelichuruza mpaka shavuni.

Mwaka huu nina wakatekumeni sita wa kubatizwa Mkesha wa Pasaka. Nilimtajia Padre majina yao pale nje, nikaongeza la saba: Minza. Aliniangalia. Akasema, Mama Agapiti, tutaongea.

Hiyo "tutaongea" naijua, nimeisikia kila Kwaresima. Ila mwaka huu sirudi nyuma.

Jumapili, 9 Machi

Tumeongea. Baada ya misa, katika kile chumba cha sakristia ambacho pia ndiyo stoo ya ngoma za kwaya.

Padre si mtu mbaya. Angeweza kuwa mwanangu, ni rika moja na Agapiti aliyeko Geita. Alinieleza taratibu, kama vile mimi sijui: Donatus alifunga ndoa na Justa kanisani. Minza akaja baadaye, kwa mahari, kimila. Atoke kwa Donatus, atabatizwa.

Nikamuuliza atoke aende wapi. Ng'ombe walishatolewa. Akitoka, watoto wanabaki kwa baba yao, ndiyo mila ya hapa, na Padre mwenyewe ni Msukuma anaijua. Watoto wenyewe ni wanne na wote wamebatizwa kwa sababu baba yao ni Mkristo! Nani aliwabeba mpaka kwenye beseni? Minza. Maji yakawamwagikia wao, yeye akabaki mkavu na kitoto kinalia mikononi.

Halafu nikatoa lililokuwa kifuani. Nikamwambia, Padre, mimi nilibatizwa Ushirombo kitovu hakijakauka. Kwetu kule mtoto anazaliwa leo, Jumapili inayofuata ana jina la mtakatifu. Niliamini nini mimi? Nililia tu. Huyu mwanamke amesoma kwangu tangu mtoto wake wa mwisho hajazaliwa. Sala anazijua. Anaamini kuliko mimi. Na mimi ndiye ninayesimama mbele kila Jumamosi kufundisha kwamba wokovu ni bure, hakuna anayeulipia, ni kuamini na kupokea. Sasa hiyo bure mbona ina geti?

Akasema geti si lake. Akasema pia kwamba bure haina maana kwamba mtu anabaki alivyokuwa. Nikamjibu kwamba kubadilika ndiko anakokuomba Minza.

Alikuwa na misa nyingine kigango cha pili. Tumeagana vizuri. Sijaridhika hata kidogo.

Jumamosi, 15 Machi

Somo la leo: ubatizo wa hatari. Hili napenda kulifundisha kwa vitendo, maana ndiyo somo ambalo mtu wa machimboni anaweza kulitumia kweli. Duara likibomoka hapa Mwakitolyo, Padre yuko mbali, barabara ni tope. Lazima kila Mkristo ajue. Hata asiye Mkristo anaweza kubatiza, mradi anakusudia kile Kanisa linachokusudia.

Nilileta boga. Kila mmoja analimwagia maji mara tatu na kutamka maneno. Mzee mmoja alimwaga kikombe chote kwa mkupuo, nikamwambia umemzamisha mgonjwa. Tumecheka sana. Boga lenyewe nimelipika jioni.

Minza aliuliza swali. Huwa haulizi.

"Katekista, huyo mgonjwa anatakiwa awe anaumwa kiasi gani?"

Nikamwambia siyo mafua wala kuumwa jino. Ugonjwa ambao ukiachwa unaua.

"Na akishabatizwa halafu akapona?"

Amebatizwa, nikamwambia. Ubatizo haufutiki. Hakuna anayeweza kuuchukua, hata askofu.

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nikaendelea na boga.

Alhamisi, 20 Machi

Justa amekuja asubuhi wakati nasonga ugali wa wachimbaji. Hakukaa. Alisimama mlangoni na mvua inampiga mgongoni.

Minza ana uvimbe tumboni. Ameujua tangu Januari! Hospitali Shinyanga walimpiga picha, wakamwambia ni kwenye kizazi, unatolewa, siyo kazi kubwa, arudi mwanzo wa Machi. Nyumbani akasema wameahirisha. Justa aliamini. Juzi amemwona akijifunga kanga kwa nguvu tumboni ndipo aweze kuinama kwenye karai. Akambana. Minza akamwambia: acha kwanza, dada, bado haujaiva.

Nikamuuliza Justa haujaiva maana yake nini. Mwiko ukanikwama mkononi. Nikakumbuka boga langu.

Justa alilia. Sijawahi kumwona Justa analia, hata alipomzika mama yake. Aliniambia, mimi ndiye niliyemleta. Baada ya kumzaa Fredy sikushika mimba tena, mama mkwe akawa juu yangu kila siku, nikaona mume wangu akiletewa mwanamke na ndugu zake nitaletewa adui. Nikaenda mwenyewe kumtafuta. Nilimchagua kwa sababu alikuwa na adabu. Na kanisani nimempeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Sasa atakufa kwa ajili ya kanisa?

Nikamwambia hafi. Sijui niliahidi kwa mamlaka ya nani, ila nimeahidi.

Ijumaa, 21 Machi

Nimekwenda mwaloni. Nilikuwa na hasira, nimezitembeza njia nzima.

"Mama Rhoda," nikamwita Minza kwa jina la bintiye, "operesheni yako ilikuwa lini?"

"Shikamoo, Katekista."

Marahaba niliitoa kwa shida. Aliendelea kuzungusha karai. Nilimwambia aliweke chini. Akaliweka.

"Nikifanyiwa sasa nitapona," akasema. "Nikishapona nitakuwa nimepata nini? Nitarudi kwenye benchi lile lile."

"Utakuwa hai."

"Hai niko miaka yote, mayu." Ndivyo Wasukuma wanavyomwita mama.

Nikamwambia Mungu siyo mgambo wa soko, wa kuviziwa ageukie upande mwingine ndipo upite. Akanijibu bila kupandisha sauti, na ndicho kinachonikera kwa Minza, huwezi kugombana naye.

"Simvizii yeye. Yeye najua ananitaka. Nawavizia nyie."

"Nani kakufundisha upuuzi huu?"

"Si wewe? Boga lako naliona kila mwaka, na safari hii ulisema ugonjwa ambao ukiachwa unaua. Basi nimeuacha."

Wanawake wengine walikuwa wamenyamaza wanatusikiliza. Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kumkumbatia. Sikufanya lolote, nimerudi nyumbani nikiwa na matope mpaka magotini.

Mtu anausubiri ugonjwa wake uive kama papai, kwa sababu mimi nimemwambia mlango uko pale!

Jumatatu, 24 Machi

Bodaboda mpaka parokiani. Dereva alitaka tusubiri mvua ipungue, nikamwambia twende. Tumeanguka mara moja, siyo vibaya.

Nilimkuta Padre anakula. Nikamweleza yote. Aliacha kula.

Akasema operesheni ya kawaida siyo hatari ya kufa. Akasema kama tukianza kubatiza kila anayejihatarisha, tutakuwa tunawafundisha watu kujiua. Hapo yuko sahihi, nimemkubalia. Halafu akasema neno la kunipoza: kwamba upo ubatizo wa tamaa. Mtu anayeamini na kuutamani ubatizo kwa moyo wote, akazuiwa, Mungu hamwachi nje. Mwambie hivyo, akasema. Mwambie tamaa yake Mungu anaiona. Aende hospitali kwa amani.

Ni neno zuri. Nimerudi nalo nimelishika kama yai.

Jumatano, 26 Machi

Yai limepasuka.

Nilimkuta uani anachambua mchicha, Justa anamsuka Rhoda nywele. Nikamweleza ubatizo wa tamaa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza:

"Sasa kama tamaa inatosha, watoto wangu mliwamwagia maji ya nini?"

Nikamwambia maji ni ishara, Mungu hafungwi na maji. Nikamkumbusha mwizi wa msalabani – anampenda sana huyo mwizi, kila mwaka ananiomba nimsimulie tena. Nikasema, yule hakubatizwa. Hakuwa na jumuiya wala mdhamini. Aliomba tu akumbukwe, akaambiwa leo hii utakuwa pamoja nami. Kwa imani tu, Minza. Kwa kuomba tu.

"Yule alikuwa amepigiliwa misumari," akasema. "Angeshuka pale akaja kigangoni, mngemuuliza ameoa wangapi."

Justa aliacha kusuka. Akacheka, akajiziba mdomo. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Tumecheka wote watatu mpaka Minza akashika tumbo, na uso ukamgeuka rangi, na kicheko kikaisha.

Nilipoaga alinisindikiza mpaka njiani. Akaniambia hana kiburi, nisimwone hivyo. Anajua anapendwa na Mungu. Ila anataka kuitwa jina mbele za watu na yeye aitike. Ameshalichagua: Bernadina. Hajamwambia mtu yeyote, hata Justa.

Bernadina! Nimelitamka njia nzima.

Jumapili, 30 Machi

Justa ameniita kwenye kikao cha nyumbani kwao. Nilidhani nitakuwa msikilizaji.

Donatus alikuwa kwenye kigoda, ametoka duarani na vumbi kwenye kope. Ni mwanaume mkimya. Misa zote anasikilizia nje, ameegemea pikipiki za watu, haingii ndani tangu alipomwoa Minza.

Justa ndiye aliyesema. Alisema Minza hatoki. Watoto hawatoki. Ila aache kuwa mke, awe mdogo wake. Ajengewe nyumba yake, mlango wake, jiko lake. Donatus alale upande huu. Watoto waendelee kuita baba na mama kama kawaida. Alisema, mimi nilimleta kwa mlango huu, nataka nimtoe kwa mlango mwingine bila kumtupa.

Donatus alijifuta vumbi kwenye kope.

"Komunyo niliiacha kwa ajili yake," akasema. "Sasa mnataka nimwache na yeye kwa ajili ya komunyo."

Nilimwonea huruma, na sikutegemea.

Akamgeukia Minza. Akamuuliza kwa Kisukuma kama ndivyo anavyotaka. Minza alisema anataka yote mawili, maji na yeye, ila akilazimishwa kuchagua atachagua maji. Alisema akiwa amemwangalia machoni. Donatus akasimama, akachukua tochi yake ya kichwani, akarudi duarani. Jumapili!

Na hospitali? Minza anasema bado.

Jumamosi, 5 Aprili

Darasa. Minza amekuja amejifunga kanga mbili. Mimi nimefundisha juu ya uzima, kwamba kujiachia ufe ni dhambi, kwamba mwili ni zawadi. Nilikuwa nafundisha watu saba lakini naongea na mmoja, na wote sita wamejua.

Mwisho nikambakisha. Nikamwambia kwa ukali wote nilio nao: "Ukizidiwa kwa makusudi, sitakubatiza. Nisikilize vizuri. Nitakuangalia tu."

Akasema, "Wabeja, mayu." Asante ya Kisukuma, kama vile nimempa kitu.

Anajua nadanganya. Nitambatiza hata kwa maji ya karai.

Jumanne, 8 Aprili

Nimepita kwa Donatus kupeleka deni la chumvi kwa Justa, kisingizio tu. Nimemkuta Donatus anafyatua matofali. Masika hii! Ameyapanga chini ya turubai la duarani, mengine yameshaloa na kumomonyoka, anayarudia.

"Unajenga, Baba Fredy?"

"Nafyatua tofali."

"Nyumba ya nani?"

"Tofali ni tofali tu, Mama Agapiti."

Akaendelea kulikanyaga tope. Nikampisha. Nimefika nyumbani nikapiga goti jikoni, nikashukuru, halafu nikaogopa kwamba nimeshukuru mapema.

Jumapili, 13 Aprili

Matawi. Minza amekonda usoni, tumbo limetokeza. Watu wanadhani ni mimba, wanampongeza.

Baada ya misa Padre alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alivua kanzu, akaenda kukaa benchi la nyuma, pembeni yake. Mimi nilijifanya nakusanya matawi.

Alimwambia aende kwanza operesheni, wiki hii hii, atampeleka mwenyewe kama ikibidi. Arudi mzima. Nyumba anayoijenga Donatus ikishaezekwa, wote watatu wakatoa ahadi mbele ya jumuiya, atambatiza mwenyewe. Siyo lazima Pasaka hii.

"Pasaka zipo nyingi," akasema.

"Padre, mimi tumbo ninalo moja," Minza akamjibu. "Nibatize leo, kesho naenda."

Padre aliinamisha kichwa mikononi. Akasema hawezi leo. Minza akasema basi na yeye hawezi kesho. Wamekaa pale kama watu wawili wanaosubiri gari moja.

Alipokuwa anaondoka aliniita. "Mama Agapiti, nakujua wewe. Nakuomba kitu kimoja. Hatari iwe ya kweli. Usimwage maji kwa sababu ya huruma."

Nimemwahidi. Na mimi nikiahidi natimiza. Ila nimemwambia na yeye: "Ikiwa ya kweli, sitakupigia simu kuuliza."

Akasema sheria hainilazimishi kupiga.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Minza hakuja Njia ya Msalaba. Nimewaachia wengine vituo vilivyobaki, nimekwenda.

Amelala amegeukia ukutani. Tumbo gumu. Homa hana, maumivu yanakuja na kuondoka, anasema. Donatus ametafuta gari, Minza amekataa kupanda. Aliposikia sauti yangu aligeuka, akaketi, akavuta kikombe chake cha uji.

"Tayari?"

"Bado," nikamwambia. Na ilikuwa bado kweli, ameniuliza akiwa ameketi, anakunywa uji. Nilimwangalia kama mfanyabiashara anavyoangalia ng'ombe, nikitafuta kifo usoni mwake. Nimejichukia.

Nimesali bila maneno. Kesho wale sita wangu wanakwenda parokiani kwa Mkesha. Nguo zao nyeupe nimezipiga pasi.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili

Naandika hapa hospitali Shinyanga, kwenye benchi la korido. Nisipoandika nitapiga kelele.

Alfajiri Fredy alikuja anagonga. Minza alikuwa amekunjamana sakafuni, anatapika, midomo haina damu. Hakukataa gari tena. Hakuwa na nguvu ya kukataa. Probox ya kukodi, mimi na Justa nyuma tumempakata, Donatus mbele. Wale sita nimewakabidhi kwa mwenyekiti wa kigango, wataniona watakaponiona. Nilibeba chupa ya maji. Nimeiweka katikati ya magoti safari nzima.

Kila tuliporushwa na shimo Minza alifumbua macho, anaangalia chupa, ananiangalia. Hakuuliza kitu. Ningependa angeuliza.

Daktari ni mwanamke mdogo, ana haraka, hana maneno mengi. Amempapasa, ameangalia picha. Uvimbe umejisokota, akasema, damu haipiti, huenda umeanza kuoza ndani. Anafunguliwa sasa hivi. Alimpa Donatus karatasi ya kusaini.

Nilimshika koti.

"Dokta, kuna hatari?"

"Kila operesheni ina hatari, mama."

"Sijauliza kila operesheni. Nauliza hii."

Aliniangalia, akaiangalia chupa yangu. Sijui kama alielewa. "Mmechelewa sana," akasema. "Ndiyo. Hatari ipo. Nipe dakika chache nijiandae."

Basi. Neno nimelipata, na sikuliokota kwenye huruma yangu.

Kitanda kilikuwa kwenye korido, ukutani, watu wanapita na ndoo na mashuka. Nikainama sikioni mwake.

"Minza. Unaamini kwamba Yesu alikufa na kufufuka kwa ajili yako?"

"Ndiyo." Alijibu sijamaliza.

"Unaamini kwamba hapa huna cha kumlipa?"

"Sina. Sijawahi kuwa nacho."

"Unaahidi kuzishika amri zake?"

Hapo akamtafuta Donatus kwa macho. "Naahidi," akasema. "Muulizeni na yeye."

Nikamgeukia. Justa naye akamgeukia. Donatus alisimama na karatasi ile mkononi, viatu vyake vina udongo wa matofali mpaka leo. Nilidhani ataondoka kama alivyoondoka siku ile.

"Tofali zimekauka," akasema. Halafu akageukia ukuta, mabega yakawa yanamtikisika.

Nikafungua chupa. Nimefanya hivi kwenye boga miaka yote hii. Boga halikuangalii.

Nimemwaga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bernadina, nimesema kwa sauti, siyo kwa kunong'ona, mpaka mama mmoja aliyekuwa anadeki akasimama. Justa aliposikia jina alishtuka, akalirudia taratibu. Maji yalimwingia masikioni, yakamwagikia kwenye mto na kwenye gauni la hospitali. Justa akachukua pembe ya kanga amfute.

"Usifute," akasema.

Wakaja wakamsukuma ndani. Alikuwa ananiangalia mimi mpaka mlango ulipofungwa.

Padre nitamweleza. Akiniondoa ukatekista, aniondoe. Nitaendelea kupika maharage. Nilichofundisha ndicho nilichofanya, na akipona nitakwenda naye mpaka benchi la mbele. Bernadina, pona. Nakusihi upone. Sikukupa maji uondoke nayo.

Donatus amekaa chini, hataki benchi. Justa anasali rozari kwa kukosea, anaruka mafumbo. Nje wanauza mishumaa ya Mkesha, nasikia wakipunguza bei. Sijui tumekaa hapa kwa muda gani.

Mlango umefunguliwa. Ni nesi, ana glavu. Anatazama benchi letu. Anauliza nani aliyemlowesha yule mgonjwa kichwa, maana wanashindwa kumvika kofia ya operesheni waanze, anakataa kufutwa.

Nimeinua mkono.